Chombo Kilichokaa Tayari

Tuliporudi kutoka Marekani wengi wenu mlituuliza tuliona nini huko. Habari za makanisa yaliyotukaribisha tutazisimulia siku nyingine. Leo tunataka kuwaeleza habari za chombo kimoja tulichokiona katika jimbo la Florida. Chombo hicho kilitengenezwa ili kiende angani. Kilikaguliwa, kikasimamishwa juu ya roketi yake, kikangoja, na hakikwenda kokote. Sasa kimewekwa katika jumba la makumbusho, na wageni wengi hukipita bila kusimama. Sisi tulisimama mbele yake karibu saa nzima, tukabishana.

Tulikuwa wanawake watatu wa usharika mmoja: mwalimu mstaafu ambaye ndiye mwenyekiti wa umoja wetu, mama mweka hazina, na muuguzi anayeandika habari hizi. Tulialikwa kwa wiki mbili na wanawake wa kanisa rafiki. Siku moja ya mapumziko wenyeji wetu walituuliza tunapenda kuona nini. Mwalimu, ambaye alifundisha sayansi miaka mingi, hakusita. Akasema, “Tupelekeni mahali wanapoondokea wanaanga.”

Inatubidi tuseme pia kwamba tulikuwa tumeondoka nyumbani na shauri lisilokwisha. Umoja wetu una mfuko mdogo wa dharura kwa ajili ya mama wajawazito. Kila mwanachama hutoa kidogo kila mwezi, na fedha hukaa katika sanduku la bati lenye kufuli, ofisini kwa mchungaji, ili uchungu ukimshika mama usiku na gari la hospitali lisipatikane, apatiwe teksi mara moja. Lakini kwa miezi 11 fedha zile hazikuguswa. Mama zetu wote walijifungua mchana, au waume zao walikuwa na usafiri. Basi likatolewa wazo kwamba fedha zinunue vitenge vya sare ya Pasaka. Kura ilikuwa ipigwe tutakaporudi. Mama mweka hazina alikuwa upande wa vitenge, na hakuwa na nia mbaya. “Fedha iliyolala inapungua thamani,” alisema. “Na wanachama wamechoka kuchangia kitu wasichokiona.”

Safari ya kwenda kituoni

Kituo cha Kennedy kipo kwenye kisiwa cha Merritt, ukingoni mwa bahari ya Atlantiki, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mji wa Orlando. Tulitazamia kuona viwanda na moshi, lakini tulikuta mchanga, maji ya chumvi, vichaka na ndege weupe wenye miguu mirefu. Sehemu kubwa ya ardhi ile ni hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1963, na katika mitaro ya kando ya barabara hulala mamba wa huko. Mwalimu alivuta pumzi akasema upepo ule ni wa Bagamoyo kabisa.

Akatukumbusha jambo ambalo vijana wa leo hawalijui. Wamarekani walipoanza kurusha watu angani, Zanzibar ilikuwa na kituo kimojawapo cha kusikiliza sauti na habari kutoka kwenye vyombo vyao vya Mercury. Kilianza mwaka 1960, kikaondolewa mwaka 1964. Watu wa kituo kile hawakuruka kwenda popote. Kazi yao ilikuwa kukaa macho na kusikiliza chombo kinapopita juu yao.

Karibu na lango la wageni pana Bustani ya Roketi. Nyingi zimesimamishwa wima kama minazi, lakini moja kubwa imelazwa ubavu. Ni roketi ya aina ya Saturn IB, namba yake SA-209. Hatukujua bado kwamba roketi ile ni ya chombo tutakachobishania. Tulipiga picha kivulini mwake, tukapanda basi.

Basi linapita karibu na jengo ambamo roketi huunganishwa, lenye urefu wa mita 160 kwenda juu, halafu linafika kwenye ukumbi wa Apollo na Saturn V, uliofunguliwa mwaka 1996. Ndani yake imelazwa roketi ya Saturn V yenyewe, urefu wake mita 110, na mtu akitembea kutoka injini hadi ncha anachoka. Juu kimetundikwa chombo cha kutua mwezini ambacho hakikupata kutua. Kipo pia chombo cha safari ya Apollo 14, kilichokwenda mwezini na kurudi mwaka 1971. Hicho kimebabuka kwa moto wa kuingia hewani, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Watu hukizunguka kwa heshima.

Humo humo ndimo kilimo chombo chetu, namba 119. Kina sehemu mbili. Mbele ni pia ya kukaa watu, yenye upana wa karibu mita 4 kitakoni. Nyuma ni pipa kubwa lenye injini na mafuta. Hakina alama ya moto hata moja. Mama mweka hazina alisoma maelezo, akayarudia, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeibiwa sokoni, “Fedha zote hizi, halafu hakikuruka?”

Nyumba iliyokuwa angani

Ili tumjibu, ilitubidi kwanza tujue kilitengenezewa nini. Tunawaeleza kama tulivyoelewa.

Safari za mwezini zilipokwisha mwaka 1972, Wamarekani walikuwa na vyombo na roketi zilizobaki. Wakachukua tangi la sehemu ya juu ya roketi ya Saturn V, wakaligeuza kuwa nyumba: mahali pa kulala, meza ya chakula, choo, vyombo vya kupimia jua na miili ya watu. Nyumba hiyo waliiita Skylab. Ilirushwa tarehe 14 Mei 1973, ikazunguka dunia kwa kimo cha kilometa 435 hivi.

Ilianza kwa msiba. Wakati wa kupanda, ngao yake ya nje ilipasuka ikang'oa bawa moja la kukusanya nguvu za jua, na bawa la pili likakwama. Nyumba ikawa na joto kali. Wanaanga watatu wa kwanza, Charles Conrad, Joseph Kerwin na Paul Weitz, waliifuata tarehe 25 Mei. Walitandaza kivuli cha kitambaa kama mwavuli, kisha wakatoka nje na kulikwamua bawa lile. Sisi tulifurahi kusikia kwamba Kerwin alikuwa daktari wa watu, daktari wa kwanza wa Marekani kufika angani. Walikaa siku 28 wakarudi salama.

Wale waliopanga kazi hiyo walijua jambo moja. Wanaanga wakiwa mwezini, hakuna aliyeweza kuwafuata. Lakini wakiwa Skylab, wangeweza kufuatwa. Chombo kilichowapeleka hubaki kimefungwa mlangoni, na ndicho cha kuwarudisha. Je, kikiharibika? Basi nyumba ile ilijengwa na mlango wa pili ubavuni, ambao chombo kingine kingeweza kubisha. Na palitengenezwa vifaa vya kugeuza chombo cha watu watatu kiwe cha watu watano: makabati ya ndani yangeondolewa, na viti viwili vya ziada vingewekwa chini ya vile vitatu vya kawaida.

Tafadhali msomaji, fikiri kidogo juu ya viti hivyo. Waokoaji wangeondoka wawili tu. Wangepanda na viti vitatu vitupu, kwa ajili ya wale watakaokutwa huko juu.

Theluji dirishani

Wanaanga wa pili waliondoka tarehe 28 Julai 1973. Walikuwa Alan Bean, ambaye aliwahi kutembea mwezini mwaka 1969, pamoja na Owen Garriott na Jack Lousma. Siku za mwanzo walishikwa na kichefuchefu kikali.

Sasa, pipa la nyuma la chombo chao lilikuwa na injini ndogo za kukigeuza na kukielekeza, katika makundi manne kuzunguka ubavu. Mara tu baada ya kuondoka, kundi moja lilianza kuvuja, wakalifunga. Tarehe 2 Agosti, asubuhi, wakaona nje ya dirisha vipande vyeupe vikipeperuka kama theluji. Kundi la pili nalo lilikuwa likivuja.

Mtu anaweza kusema, yamebaki mawili, yanatosha. Lakini waliokuwa chini waliogopa jambo jingine. Ikiwa makundi mawili yameharibika kwa sababu moja, huenda sababu hiyo imo katika yale mawili mengine. Yote yakifa, watu watatu wangekuwa na chombo wasichoweza kukielekeza, na chombo kisichoelekezwa vizuri hakiwezi kuingia katika hewa ya dunia kwa usalama.

Hapo ndipo mpango wa uokoaji ulipotolewa kabatini. Kule Florida watu walianza kufanya kazi usiku na mchana kuandaa roketi na chombo. Kwa kuwa roketi za aina ile zilikuwa fupi kuliko mnara uliojengewa Saturn V, zilipandishwa juu ya jukwaa la chuma lenye kimo cha karibu mita 39, ili zifikie madaraja ya mnara. Wafanyakazi waliliita kigoda cha kukamulia maziwa. Waokoaji walichaguliwa: Vance Brand na Don Lind.

Waliofanya kazi wakajiondolea safari

Habari za watu hawa wawili ndizo zilizotugusa kuliko mitambo yote.

Don Lind alichaguliwa kuwa mwanaanga mwaka 1966. Alingoja. Safari za mwezini zikapunguzwa, nafasi zikaisha. Sasa, mwezi Agosti 1973, mlango ulifunguka: angekwenda angani, tena kwenda kuokoa wenzake. Nani asingeitamani safari ya namna hiyo?

Brand na Lind waliingia katika mashine ya mazoezi. Walijifunza namna ya kwenda, kubisha katika mlango wa pili, na kurudi watu watano. Lakini walipewa na kazi nyingine pia: kutafuta kama chombo kile kibovu kingeweza kurudi chenyewe, kwa injini zilizobaki. Wakaifanya kazi hiyo kwa bidii ile ile. Walijaribu hivi, wakajaribu vile, na mwisho wakathibitisha kwamba inawezekana. Wanaanga wangeweza kurudi bila kufuatwa.

Kwa kazi yao njema walijiondolea safari. Bean na wenzake walimaliza siku 59, wakashuka salama katika bahari ya Pasifiki tarehe 25 Septemba 1973. Hakuna aliyekwenda kuwaokoa, maana hawakuhitaji kuokolewa.

Brand alifika angani mwaka 1975, katika safari ya kukutana na Warusi. Lind aliendelea kungoja hadi tarehe 29 Aprili 1985. Alingoja miaka 19 tangu kuchaguliwa, akaruka mara moja tu. Alifariki mwaka 2022 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90.

Mwalimu wetu alisema, “Huyu nampenda. Alipoambiwa atafute njia ya kuifuta safari yake mwenyewe, hakuficha jibu.”

Zamu ya namba 119

Wanaanga watatu wa mwisho, Gerald Carr, Edward Gibson na William Pogue, walikwenda Skylab tarehe 16 Novemba 1973. Baada ya yale yaliyotokea, hakuna aliyetaka kubahatisha. Mwezi Desemba, roketi SA-209, ile ile tuliyopiga picha kivulini mwake, ilitolewa nje na kusimamishwa kwenye kigoda chake. Juu yake palikuwa na chombo namba 119. Kikakaa pale Krismasi, kikakaa mwaka mpya, kikitazama baharini. Carr na wenzake walimaliza siku 84, wakarudi tarehe 8 Februari 1974. Siku chache baadaye chombo na roketi yake vilirudishwa ndani.

Hakikuachwa. Ilifikiriwa kitumike kwa safari fupi moja zaidi ya kwenda Skylab, ya siku 20 hivi, lakini wazo hilo likaachwa. Mwaka 1975, Wamarekani na Warusi walipokutana angani, namba 119 kiliwekwa tena kuwa cha akiba, endapo kile kilichopangwa kwenda kingepata hitilafu. Kile kilikwenda vizuri mwezi Julai mwaka huo. Kikawa chombo cha mwisho cha Apollo kuruka. Tangu hapo namba 119 hakikuwa na mahali pa kwenda. Skylab yenyewe ilianguka tarehe 11 Julai 1979, na vipande vyake vikatawanyika magharibi mwa Australia.

Hivyo ndivyo kilivyofika makumbusho kikiwa safi, bila alama ya moto.

Hasara au akiba?

Tulirudi kwenye swali la mama mweka hazina. Je, haikuwa hasara?

Mwalimu alijibu kwa methali tunayoijua sote, kwamba akiba haiozi. Mama mweka hazina akacheka. “Mwalimu wangu, hii imeoza. Akiba ya unga tunakula. Hiki nani amekila?”

Hapo ikabidi muuguzi aseme neno, na neno hilo si jepesi kulisema.

Katika kila chumba cha kujifungulia panapaswa kuwa na meza ya kumpokea mtoto asiyelia. Juu yake huwekwa kitambaa kikavu, kifaa cha kufyonza ute, na mfuko wa kumpumulisha mtoto pamoja na barakoa yake ndogo. Watoto wengi huzaliwa wakilia, na vitu vile hubaki mezani siku nyingi bila kuguswa. Mgeni angesema ni vya nini. Lakini asiyelia anapokuja, hapana muda wa kutafuta. Anatakiwa asaidiwe kupumua ndani ya dakika moja ya kwanza. Ndiyo maana kila zamu inapoanza, wauguzi hutakiwa kugusa kila kifaa kwa mkono: kipo? Ni safi? Kinafanya kazi?

Miaka mingi iliyopita, katika kituo kimoja ambacho hatutakitaja, sisi wa zamu ya usiku hatukugusa. Tuliiona meza, tukaona mfuko upo, tukatia saini daftari. Saa nane usiku mtoto alizaliwa kimya. Mfuko ulikuwepo. Barakoa haikuwepo. Ilikuwa imeazimwa chumba kingine mchana, na haikurudishwa. Tulikimbia kuitafuta. Mtoto alipumua hatimaye, na mama yake akatushukuru sana, akatuombea baraka. Miaka sita baadaye tulimkuta sokoni. Alikuwa amembeba mtoto yule mgongoni. Wenzake walikuwa shuleni. Shingo yake ilikuwa haijakaza.

Mama yule alitusalimu kwa furaha. Hakujua. Sisi tulijua.

Wenzetu walinyamaza. Wageni walikuwa wakipita nyuma yetu na watoto wao. Kisha tukasema yaliyokuwa moyoni: kwamba chombo hiki ni kama ile meza. Mtu hawezi kuuliza kililiwa na nani. Aulize wale watatu waliokuwa juu walilalaje usiku wakijua chini yao pana chombo kinachowangoja. Na tena, kuwepo hakutoshi. Kama namba 119 kingesimama pale kwenye kigoda bila mafuta ya kuaminika, bila viti, bila watu waliojifunza, kingekuwa sanamu tu. Waliokisimamisha walikuwa wanakigusa kila kifaa.

Mama mweka hazina aliangalia chombo kwa muda mrefu. Halafu akafungua mkoba wake, akautazama ndani, akaufunga. Akaufungua tena. Akatoa ufunguo mdogo wa kufuli.

“Huu ndio wa sanduku,” alisema. “Ni mmoja tu. Ninao mimi.”

Hatukuhitaji kuambiwa zaidi. Kwa siku tisa fedha za dharura zilikuwa Afrika, na ufunguo wake ulikuwa Florida. Tulikuwa tumebishana miezi miwili kama mfuko ule uendelee kuwepo, na kumbe ulikuwa haupo. Ulikuwa mfuko usio na barakoa.

Simu ya usiku

Jioni ile tulingoja hadi kule nyumbani kupambazuke, tukampigia simu mama mchungaji. Mweka hazina ndiye aliyesema naye. Hakuficha kosa lake. Alimwomba avunje kufuli mbele ya mashahidi wawili, anunue jipya lenye funguo tatu, na awape watu watatu wanaokaa mitaa mbalimbali. Mama mchungaji alimwambia kwamba wiki ile ile mke wa kijana mmoja wa kwaya alishikwa na uchungu usiku. Walikwenda ofisini wakakuta kufuli. Jirani mmoja akatoa fedha zake za karo, wakafika hospitali, mama na mtoto wazima.

Mweka hazina alikaa kitandani akalia. Tulimshika mikono. Tuliomba, tukamshukuru Mungu kwa jirani yule, ambaye alikuwa tayari kuliko sisi wenye mfuko.

Tuliporudi, kura ilipigwa. Tungependa kuwaambia kwamba wote walikubali kwa shangwe, lakini haikuwa hivyo. Akina mama kadhaa walisema waziwazi kwamba sare zetu zimechakaa na tunaaibika mbele ya sharika nyingine, na hawakusema uongo. Mfuko ulibaki kwa kura chache. Aliyeutetea kwa nguvu kuliko wote alikuwa mweka hazina. Hakusimulia mambo ya angani. Aliinua ufunguo tu, akaeleza ulikuwa wapi.

Dada zetu wapendwa, mnaifahamu habari ya wanawali kumi katika Mathayo sura ya 25. Tumeihubiri mara nyingi kwa habari ya mwisho wa dunia, na ni vema. Lakini tangu tulipotoka Florida tunaisoma pia kwa habari ya nyumba zetu. Wote kumi walikuwa na taa. Walitofautishwa na mafuta ya ziada, ambayo wakati wa jioni yalionekana kuwa mzigo wa bure. Basi tunawaomba muangalie leo, kabla jua halijazama, mambo haya machache:

Ikiwa mnao mfuko wa dharura katika umoja wenu, nani ana ufunguo usiku wa manane? Akisafiri, nani wa pili?

Ikiwa wewe ni mjamzito, au binti yako, je, mmekubaliana tayari na mwenye gari? Namba yake ya simu ameijua mumeo, au imo katika simu yako peke yako?

Kadi ya kliniki, khanga safi, na fedha kidogo, vimewekwa pamoja mahali pamoja ambapo hata mtoto mkubwa anaweza kuvifikia gizani?

Na mkishaviweka, mvitazame tena kila mwezi, mkivigusa kwa mkono.

Siku zikipita na visihitajiwe, msiseme mmepata hasara. Namba 119 kilikaa tayari wakati wanaanga watatu walipokuwa juu, na wote watatu walirudi kwa watoto wao.

Sasa sanduku letu lina funguo tatu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya ibada, watu watatu wanaonyesha funguo zao, fedha zinahesabiwa, na dereva anapigiwa simu kuona kama simu yake inapatikana. Inachukua dakika tano. Mpaka tunapoandika haya, fedha hazijaguswa tena. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, na mwezi ujao tutazihesabu.